Tumbili Mwenye Sauti ya Salha

Bi Mwantumu alimleta yule tumbili mwenyewe, amemviringisha kwenye kanga, na kabla sijamwamkia, tumbili akasema, "Panauma."

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, ya puani kidogo, sauti ya mtu anayejitahidi asilie mbele za watu. Mimi sikushtuka. Katika zahanati yetu ya wanyama wa mjini kila mgonjwa anasema, na wengi wakifika husema hilohilo. Kilichonishtua ni uso wa yule mama. Macho yake hayakupepesa, na alimshika yule mnyama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga bila kujua ni wa nani.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mpe mwenzangu, taratibu. Usiuguse mkono ulioungua."

Hakuitikia. "Huyu ni Salha," akasema.

"Huyu ni tumbili."

"Macho ninayo, daktari. Nakuuliza sauti ya mwanangu imeingiaje humu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Yuko Horohoro, udongoni. Mwaka wa pili huu."

Chambuso, fundi wetu wa vinywa, akampokea tumbili. Chambuso ana mdomo, hakuna jambo linalompita bila kulitia chumvi, lakini saa ile alinyamaza kama aliyemwagiwa maji.

Tumbili alikuwa jike, mzima, amerushwa na nyaya za umeme za treni ya mjini pale stesheni ya zamani, ambako kundi lake linaishi kwenye miti ya mikungu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua hadi mfupa. Tukaukata. Wakati mimi nashona, Chambuso aliweka kisomeo chake nyuma ya sikio la mnyama, pale penye uvimbe mdogo kama punje ya kunde, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Ni kweli, Da Zaina. Salha binti Athumani. Alitoa sauti yake mwaka ule wa kwanza, tulipoweka kibanda cha kurekodi sokoni. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba amekufa."

Nani angekuja? Sisi tukifiwa tunawaambia majirani, tunawatumia ndugu habari, tunatafuta wa kuchimba kaburi. Hakuna mtu anayeinuka msibani akasema ngoja nikaiarifu mashine.

Mliozaliwa juzi mnadhani Tanga ilikuwa hivi siku zote. Haikuwa. Mji ulipopanuka mpaka ukaula msitu wote wa kando, wanyama hawakuwa na pa kwenda, wakaingia ndani. Watu wakawamwagia tumbili maji ya moto, kunguru wakawapa sumu, nguchiro wakawafungulia mbwa. Nimeshona sana miaka ile, na waliopona nilikuwa nawarudisha kwenye maji yaleyale ya moto. Ndipo vikaja vinywa. Kinywa hakimfanyi mnyama awe mtu, na hakimpi akili. Kinasoma mishipa tu: hapa pana njaa, hapa pana maumivu, hapa pana hofu; kisha kinachagua neno moja kati ya yaliyorekodiwa na kulitoa. Kila mnyama hupewa sauti ya mtu mmoja, mtu wa hapahapa, kwa sababu tuliwahi kujaribu sauti ya mashine na watu wakazidi kurusha mawe. Ni rahisi kumpiga mnyama anayepiga kelele. Ni kazi kumpiga anayesema "naogopa" kwa sauti kama ya shangazi yako.

Mawe yakapungua. Watu wakaanza kuwaleta wenyewe, kama Bi Mwantumu alivyomleta huyu. Ila gharama yake tuliijua sisi tunaoshinda wodini. Mchana, kabla ya kulisha, humsikii mnyama hata mmoja. Unasikia watu. Kima ananong'ona kwa sauti ya muuza mkaa, "Nina njaa." Kunguru mwenye bawa lililovunjika anajibu kwa sauti ya mwalimu wa hesabu, "Baridi." Popo, wamening'inia vichwa chini, wanasema kwa pamoja, kwa sauti za wazee wanne watano, "Mwanga mwingi. Mwanga mwingi." Na hujui kati yao nani bado yu hai. Wafanyakazi wapya huacha kazi kwa sababu ya wodi ile, si kwa sababu ya damu.

*

Bi Mwantumu alirudi Alhamisi, na kila Alhamisi baada ya hapo. Sikuhitaji kuuliza kwa nini Alhamisi. Hata bibi yangu alikuwa akifagia uwanja siku hiyo jioni na kuacha udi ukifuka, maana wafu, alisema, huja kutazama nyumba zao usiku wa kuamkia Ijumaa.

Zahanati yetu ina masharti. Tunaingia wodini tumejifunika magunia kichwani, hatusemi, hatuwapi wagonjwa majina, hatuwatazami machoni. Mnyama akizoea watu ameshakufa, amebaki kuzikwa tu. Bi Mwantumu aliyakanyaga masharti yote siku ya kwanza. Alikuja uso wazi, na sahani ya vitumbua.

"Ni sadaka," akasema. "Sadaka ya marehemu huikatai."

Nikamwacha. Mwanamke kama yule humsukumi. Akasogea hadi kwenye wavu, akachuchumaa, akasema kwa upole ambao hakunionyesha mimi, "Salha. Mama amekuja."

Tumbili akajibana kwenye kona, mkono wake mmoja umeshika wavu, nywele zimemsimama.

"Naogopa," akasema.

Bi Mwantumu akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Akasogea karibu zaidi ili ambembeleze.

"Naogopa. Naogopa."

Nilimtoa kwa kumshika mabega, nikamketisha ofisini, Chambuso akampa chai. Hapo ndipo alipotueleza. Salha alimpenda mwanamume ambaye mama hakumtaka, akamfuata mpakani Horohoro. Baada ya miezi alituma watu, mjomba wake na jirani mmoja mtu mzima, waje wamwombee radhi. Bi Mwantumu aliwaondosha, chai yao haijapoa. Aliwaambia wakamwambie mtoto kwamba yeye hana mtoto. Mvua kubwa zikaja, na homa yake, na Salha akafa. Mama alifika hitima imekwisha, watu wanakunja mikeka.

"Nimempa radhi," akasema. "Nampa kila siku nikiswali. Lakini nampa nani? Na sasa mmeniletea sauti yake, inaniambia anaogopa. Huko aliko anaogopa, kwa sababu alikwenda bila radhi yangu."

"Mama, ni tumbili ndiye anayeogopa. Anaogopa watu."

"Wewe umesoma. Mimi nimezaa." Akaweka kikombe chini. "Mwongezeeni neno moja. Nimwambie nimekupa radhi, na yeye aseme, 'Mama, nimepokea.' Nikisikia mara moja tu, sitakanyaga hapa tena."

Nikamwambia haiwezekani. Akaondoka bila kuaga.

"Inawezekana," Chambuso akasema mlango ulipofungwa. "'Mama' ipo, kwenye lile neno la wanyama wachanga, 'Namtaka mama.' Hilo lingine naliunganisha silabi kwa silabi. Hata wewe hutatambua."

"Najua inawezekana, Chambuso. Nimesema haiwezekani."

"Kwani nani ataumia, yakhe?"

"Kinywa kikisema uongo mara moja, nani ataamini mara ya pili? Mji mzima huu unasimama kwenye neno moja la tumbili."

"Neno hilo la tumbili ndilo linalomuua yule mama," akasema. "Naogopa, naogopa. Ni kweli tupu, na kila akiisikia inamwambia uongo. Sasa niambie wewe uliyesoma, ukweli gani huo?"

Alhamisi iliyofuata mama alikuja akiwa amekonda. Iliyofuata alikuja akiwa amevaa kanga nje ndani. Aliacha kula, jirani yake alituambia. Anakaa tu na kusema mtoto anaogopa. Na tumbili alikuwa amepona. Alikwisha kujifunza kupanda kwa mkono mmoja na mkia, na kama tusingemrudisha mikunguni upesi kundi lake lingemkataa. Ningemrudisha vipi na mama yule sasa analala karibu na geti letu?

Nikakubali. Sitasema nilishinikizwa. Nilimhurumia, basi.

Lakini kinywa hakisemi bila hisia. Hakina kitufe cha kubonyeza likatoka neno. Kila neno limetundikwa kwenye kitu ambacho mnyama anakihisi. Tukilitundika hili kwenye njaa, angelisema kila akiona ndizi. Kwenye maumivu, hakuwa nayo tena. Ilikuwepo hisia moja tu ambayo tulikuwa na hakika tumbili ataipata Bi Mwantumu akimkaribia.

"Tunaondoa 'Naogopa', tunaweka hili," Chambuso akasema, safari hii bila mzaha. "Kwa Alhamisi moja. Jioni namrudishia lake."

*

Bi Mwantumu alikuja amevaa nguo alizokuwa nazo tangu eda ya mumewe, nyeupe, zimepigwa pasi. Wodi ina milango miwili, na sharti la kwanza kabisa la zahanati ni kwamba wa nje hufungwa kabla wa ndani haujafunguliwa. Siku ile sikuufunga. Alikuwa mfiwa, amekuja kumaliza msiba wake, na tangu lini mtu akamfungia mlango mfiwa? Nyumba ya matanga mlango hukaa wazi. Mkono wangu wenyewe ulikataa kuuvuta.

Akachuchumaa mbele ya wavu. "Salha, mwanangu," akasema. "Nimekupa radhi yangu, ya maziwa na ya mgongo. Sina kinyongo nawe duniani wala akhera."

Tumbili akarudi kwenye kona. Nywele zikamsimama. Akafunua meno.

"Mama, nimepokea."

Chambuso alikuwa fundi kweli. Ilitoka laini, ya puani, na pumzi kidogo mwishoni. Bi Mwantumu akalia kwa sauti, nami nikageuza uso kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka Chambuso ayaone. Nilipogeuka tena, kitasa cha kizimba kilikuwa mkononi mwa Bi Mwantumu.

"Nenda," alikuwa anasema. "Nilikukataza kutoka, sasa nimekuruhusu. Nenda mwanangu."

Tumbili alipita katikati yetu kama maji yaliyomwagika, ukumbini, mlangoni, na juu ya ukuta. Kutoka huko juu, barabara nzima ikasikia, "Mama, nimepokea! Mama, nimepokea!"

"Mnasikia?" Bi Mwantumu akatuuliza, uso unang'aa. "Mnasikia alivyofurahi?"

*

Mnyama mwenye kinywa akipatwa na janga, watu hutupigia simu. Wanasema kuna kanu, yule mnyama kama paka, mtaroni anasema amevunjika, njooni. Kwa huyu hakupiga mtu.

Tulimtafuta mikunguni, kundi lake lilikuwepo, yeye hakuwepo. Kisha Chambuso akaniletea picha ya video iliyokuwa ikizunguka mjini. Vijana wamemzingira tumbili mwenye mkono mmoja juu ya paa la duka, wanapiga makopo, na kila wakipiga anasema, "Mama, nimepokea." Wanacheka kwa mapenzi kabisa. Chini ameandika mtu: Tumbili wa Shukrani.

Mji ukampenda. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maji ya moto. Akina mama walimletea ndizi na kumsogelea kwa wingi ili awajibu, na kadiri walivyosogea ndivyo alivyojibu. Wasiosemeshana na watoto wao walikwenda kumsikiliza. Watoto waligundua kwamba ukimfukuza na mbwa anasema haraka haraka bila kupumua, na wakawa wanamfukuza, na wazazi wao, watu ambao wangemchapa mtoto aliyemrushia jiwe kunguru, walisimama mlangoni wakitabasamu. Hakuna aliyekuwa mkatili. Walikuwa wanasikia mtu anayeshukuru.

Hakupata nafasi ya kula zile ndizi. Nilijua, maana nilimwona kwenye video ya mwisho, na mbavu zake zilihesabika.

Tulimkuta kwa Bi Mwantumu, Ngamiani, alasiri. Watu walikuwa wamemfukuza mtaa kwa mtaa mpaka wakamfikisha kwa mwenyewe, kama wanaomletea zawadi. Alikuwa juu ya ukuta wa ua, kwenye kona, kidonda cha bega kimefunguka, na uwanja umejaa jirani. Udi ulikuwa unafuka. Bi Mwantumu alikuwa amekaa barazani, amenenepa kidogo, mzuri.

"Mama, nimepokea. Mama, nimepokea. Mama, nimepokea."

"Karibu daktari," akaniambia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Leo tangu adhuhuri hajanyamaza."

Nilikuwa na mrija wa kupulizia sindano ya usingizi, nimeuficha chini ya koti kama mwizi. Nikamwomba awaambie watu warudi nyuma, wampe mnyama hewa. Akawaambia, wakarudi hadi mlango wa ua. Sauti ikapungua. Ikawa mara moja, kisha kimya, kisha mara moja.

Bi Mwantumu alikuwa ameuza samaki sokoni maisha yake yote; humdanganyi mtu wa namna hiyo mara mbili. Aliutazama ule ukimya. Akainuka, akausogelea ukuta.

"Mama, nimepokea!"

Akarudi nyuma. Kimya. Akasogea tena, akarudi tena, kama mtu anayejaribu bomba kuona kama linafungika. Kisha akanigeukia, na uso ule mzuri ulikuwa umeondoka.

"Neno hili mlilitundika wapi?"

Ningeweza kusema uongo mwingine. Ulikuwa tayari mdomoni, na alikuwa amenipa nafasi. Juu ya ukuta tumbili alikuwa anatetemeka, mkono wake mmoja umeshindwa kuushika mdomo wa tofali.

"Kwenye hofu," nikasema. "Hatukuwa na pengine pa kulitundika. Tuliondoa 'Naogopa', tukaweka hilo."

"Kwa hiyo siku ile zahanati..."

"Alikuwa anaogopa."

"Na hawa watoto na mbwa wao..."

"Anaomba msaada tangu alipotoka kwetu, mama. Hakuna anayemsikia."

Nilitaka anipige kofi. Angenipiga ningepumua. Majirani mlangoni wakaanza kuulizana kuna nini. Kwa kitambo niliona kabisa anapima: lile neno moja alilolisubiri, na kile kinyama kwenye ukuta. Alilipenda lile neno. Nilimwona akilipenda.

"Mrudishie neno lake," akasema.

Nikapuliza sindano. Chambuso akamdaka kabla hajafika chini.

*

Alitaka kuwepo tumbili akizinduka, na sikuwa na uso wa kumkatalia. Tulimpa gunia la kujifunika, akalikataa. Akakaa kwenye kigoda mbele ya kizimba, mikono mapajani. Chambuso alikuwa amekwisha kubadilisha; alifanya kazi ile ameinamisha kichwa na hakuniita hata mara moja kwa jina.

Tumbili akafungua macho. Akamwona. Akajivuta nyuma kwa ule mkono mmoja mpaka mgongo ukagota ukuta.

"Naogopa," akasema Salha.

Bi Mwantumu akasikiliza, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu anayemfahamu.

"Naogopa."

"Ndiyo yenyewe," akasema polepole, wala hakuwa anasema nasi. "Ndiyo sauti aliyokuwa akiniitikia nayo nyumbani. Bee, mama. Ndiyo, mama. Nikimtuma, nikimgombeza, nikimwita tu. Mimi nikidhani ni adabu."

Chambuso akaangalia nje ya dirisha.

"Watu wote walinisifu, una binti mwenye adabu." Akafuta uso kwa kiganja. "Radhi hakuja kuiomba mwenyewe. Alituma watu. Nilikasirika sana, kwa nini hakuja mwenyewe."

"Naogopa," akasema tumbili.

"Nimesikia, mwanangu."

Akainuka. Hakugeuka, alirudi nyuma huku anatazamana naye, hadi mlango wa ndani, na sauti ilikuwa bado inasema. Akarudi hadi ukumbini. Akarudi mpaka mlango wa nje, akapita, akauvuta mwenyewe ukafungika. Ndani, tumbili akanyamaza, akaanza kulamba kidonda chake.